Breki za Mikono Midogo

Jumanne ile walianza siku kwa kugombania spana namba kumi. Mzee aliitafuta juu ya meza ya kazi, akaitafuta chini ya meza, akainua kopo la griisi, akainua hata birika la chai. Mkewe alikuwa amechuchumaa mbele ya baiskeli ya mkunga, iliyopinduliwa magurudumu juu, akilizungusha gurudumu la mbele polepole na kulitazama kwa jicho moja.

"Umeiweka wapi?" mzee akauliza.

"Niiweke mimi? Jana si ulikuwa nayo wewe?"

"Jana nilikuwa nayo, leo sinayo. Na humu ndani tuko wawili tu."

"Basi mmoja wetu ni mwizi," mkewe akasema, "na mimi mifuko yangu mitupu, tazama."

Akajipiga aproni kumwonyesha. Kitu kikalia ndani ya mfuko. Akaingiza mkono, akaitoa spana, akaitazama kama anayekutana nayo kwa mara ya kwanza maishani, akamkabidhi mumewe. Wakacheka mpaka chai ikapoa, wakainywa hivyo hivyo.

Hata leo mzee anashukuru kwamba spana ile ilipotea. Isingepotea, wangeinamia kazi kimya asubuhi nzima, kila mtu na yake.

Saa tatu mkewe alisema kichwa kinamgonga. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akajifuta, akapita nyuma ya pazia linalotenga karakana na chumba cha kulala. Kabla pazia halijatulia alirudisha kichwa.

"Ya mkunga usiiguse mpaka niamke," akasema.

Saa sita mzee alimwita aje ale. Hakuitika. Majirani walisaidia kumfikisha hospitali, na huko daktari alieleza habari ya mshipa wa kichwani. Alieleza vizuri, kwa upole, lakini mzee alichosikia ni kwamba hakuna cha kufanya. Jioni ile ile mkewe akafa. Alhamisi wakamzika.

*

Watu walimwita Mama Vidole. Jina walimpa wateja, naye hakulikataa, maana vidole vyake kweli vilikuwa vya mtoto wa darasa la tatu. Glavu za kufulia zilimpwaya hadi akitoa mkono kwenye ndoo, glavu inabaki majini.

Hakuanza na ufundi. Alikuwa mfagizi wa shule, na shule ilikuwa chini ya mteremko, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mumewe ndiye fundi. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi, na kwa habari ya baiskeli alikuwa hasikii la mtu. Alimuundia mkewe baiskeli ya vipande: fremu kaitoa huku, magurudumu kayatoa kule, siti kaishona mwenyewe, rangi kapaka ya kijani. Alipomaliza alizijaribu breki. Zilishika kama kucha za paka.

Siku ya pili tu mkewe alipitiliza kona na baiskeli yake, akaingia uani kwa jirani, akapita katikati ya nguo zilizoanikwa, akasimamishwa na banda la kuku. Alirudi nyumbani goti limechubuka na shuka la jirani liko begani.

"Breki hazishiki," akasema.

Mzee akaipanda yeye. Akateremka mteremko wote kwa kasi, akavuta leva, yaani vile vyuma viwili vya kwenye usukani vinavyofunga breki. Baiskeli ikasimama pale pale.

"Zinashika," akasema. "Ni woga tu, mama. Utazoea."

Kwa wiki tatu mkewe akawa anaisukuma kwenda na kuisukuma kurudi, kama mtu anayempeleka ndama kwa daktari. Watu hawakosi la kusema. Fundi mzima, mkeo anatembezana na baiskeli? Mzee aliona haya. Haya zikamtia ukali, na ukali ukamnyima kuuliza swali dogo ambalo hata mtoto angeuliza: hivi vidole vyako vinafika wapi?

Jumapili moja alimkuta mkewe ameketi kwenye meza ya kazi, leva ya baiskeli ya kijani iko mapajani, bisibisi ndogo mkononi.

"Hii skrubu ni ya nini?" mkewe akauliza. Alikuwa anaonyesha kiskrubu kilichozama ubavuni mwa leva, kidogo kama punje ya mtama.

"Haina kazi hiyo. Inakuja nayo tu."

"Inakuja nayo tu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kiwanda kizima, na mitambo yake, na watu wake, wamekaa wakatengeneza skrubu isiyo na kazi."

Mkewe akaingiza bisibisi, akazungusha. Leva ikaanza kusogea. Akazungusha tena, leva ikasogea tena, ikijikunja polepole kuelekea upande wa usukani. Akairudisha mahali pake, akaushika usukani, akanyoosha vidole. Vikafika. Vikaikunja leva bila kiganja kuachia.

Miaka kumi na tisa. Leva ngapi zilipita mikononi mwake, na kila moja ina skrubu ile. Mzee alitoka nje akachukua pampu, akaanza kujaza upepo tairi ambalo lilikuwa limejaa. Mkewe alimwacha ajaze. Hakumcheka siku ile, wala hakumsimulia mtu, na hilo nalo mzee anamshukuru. Neno "woga" halikutajwa tena katika ndoa yao.

Skrubu peke yake, lakini, haikutosha. Hilo nalo aligundua mkewe, kwa kuanguka mara moja zaidi. Ukiisogeza leva karibu na usukani, umeipunguzia nafasi ya kuvutwa. Usipoangalia, inafika mwisho, inagonga usukani, na raba za breki bado hazijaibana ringi, kile chuma cha duara kinachobeba tairi. Kwa hiyo raba nazo lazima zikae karibu sana na ringi. Na zikikaa karibu, ringi iliyopinda hata kidogo itazigusa kila inapozunguka, cha, cha, cha. Fundi wa kawaida akisikia hivyo hulegeza waya wa breki, kelele inaisha, na breki imekufa bila mtu kujua. Mama Vidole hakulegeza waya. Aliinyoosha ringi, spoki moja baada ya nyingine, mpaka ikazunguka kimya. Ndiyo maana kazi ambayo watu walidhani ni ya bisibisi na dakika mbili, yeye ilimchukua nusu siku.

Habari zikaenea, watu wakaanza kumletea baiskeli zao, naye akawa na utaratibu wake. Mteja anakaa kwenye siti, anafumba macho, anashika usukani kama anavyoshika siku zote. Mama Vidole anatazama kidole kinaangukia wapi. Leva anaileta hapo, kwenye pingili ya kwanza, si mbele wala nyuma. Akimaliza anaisukuma baiskeli kwa miguu na kufunga breki kwa vidole viwili tu. Zikishika kwa viwili, zitashika.

Walimjia wanawake wa kila namna, mwalimu wa chekechea, muuza maziwa, wasichana wa sekondari. Na wanaume. Siku moja alikuja fundi saa wa sokoni, mtu mzima mwenye masharubu, akasema kwa sauti ya chini kwamba baiskeli ni ya mkewe, anaomba leva zisogezwe kidogo.

"Mlete nimpime mkono," Mama Vidole akamwambia.

"Hawezi kuja. Ana shughuli nyingi."

"Nitajuaje basi mkono wake?"

Fundi saa akakohoa. "Mkono wake ni kama wangu tu."

Mama Vidole hakutabasamu hata kidogo. Alimkalisha kwenye siti, akamfumbisha macho, akampima, akafanya kazi. Alipomrudishia baiskeli alimwambia, "Mpe pole wifi yangu, amevumilia muda mrefu." Upande wa pili wa karakana mzee alikuwa anaziba pancha, na alilazimika kuingiza uso ndani ya beseni la maji kana kwamba anatafuta tundu.

Alizoea kukaa hivyo, yeye na pancha zake, mkewe na wateja wake wa mikono midogo. Kazi ile ilikuwa ya mkewe. Mzee hakuigusa, na hakuna aliyemwomba aiguse.

*

Baada ya mazishi milango ya karakana ilikaa imefungwa wiki mbili. Binti yao alibaki kumpikia. Baiskeli ya mkunga ilibaki pale pale, magurudumu juu, kama ilivyoachwa.

Mkunga alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, wa zahanati ya juu. Baiskeli alipewa na zahanati ili awafikie wajawazito wa ng'ambo ya bonde, na kwenye kona ya mteremko alikuwa ameshaanguka nayo. Mkuu wake alimwambia waziwazi: ikifika Jumatatu fulani haijapandwa, itapewa mhudumu mwingine, na safari za bondeni atapewa huyo mwingine pia. Kila asubuhi mkunga alipita mbele ya nyumba kwa miguu, mkoba begani. Alisalimia, akauliza hali, akaenda. Habari ya baiskeli hakuigusia hata siku moja.

Ijumaa, binti alikuwa anafagia.

"Baba, mkunga kapita tena kwa miguu."

"Nimemwona."

"Jumatatu ndiyo hii inayokuja. Wanampa yule mhudumu mwingine, yule kaka mrefu."

"Nimesikia."

"Na baiskeli iko hapa."

Mzee aliitazama baiskeli. "Mama yako alisema nisiiguse."

Binti alisimamisha ufagio. "Alisema usiiguse mpaka aamke, baba."

"Hajaamka."

"Ndiyo," binti akasema. "Hajaamka." Akaendelea kufagia, akafika mlangoni, akafungua mlango mmoja ili kutoa taka, na hakuufunga.

Usiku ule mzee hakupata usingizi wa maana. Si kwamba hakujua kunyoosha ringi. Alinyoosha ringi kabla mkewe hajajua spoki ni nini. Alichoogopa ni kingine. Kwamba ataiharibu kazi ya mwisho ya mkewe, na mwanamke wa watu ateremke nayo kwenye kona ile akiamini imepita mikononi mwa Mama Vidole.

Jumamosi asubuhi alifungua milango yote miwili akamtuma binti amwite mkunga.

"Shikamoo, baba," mkunga akasema.

"Marahaba. Kaa kwenye siti, mama. Fumba macho."

Alikuwa ameisimamisha baiskeli. Mkunga akakaa, akafumba macho, akashika usukani. Leva zote mbili zilikuwa zimeshasogezwa. Vidole viliangukia pingili ya kwanza sawasawa. Skrubu mkewe alikuwa amezimaliza. Mzee akashukuru moyoni, akamshusha mkunga, akaliinua gurudumu la mbele na kulizungusha.

Cha, cha, cha.

Mkono wake ulishika spana namba kumi wenyewe. Hakufikiri. Ni kazi aliyoifanya mara elfu: raba inagusa, legeza waya kidogo, basi. Kelele ikaisha. Akalegeza na wa nyuma, ili zilingane. Akafunga breki kwa mkono wake, vidole vinne, kwa nguvu. Zikashika.

"Tayari," akasema.

Mkunga aliitoa barabarani. Aliisukuma hatua kumi, akavuta leva. Baiskeli ikaendelea kwenda. Akavuta tena. Ikamvuta hatua mbili mbele kabla hajaizuia kwa mwili. Aliirudisha, akaiegemeza kwenye mlango, akaketi kwenye kigoda.

"Bado, baba," akasema.

"Zinashika. Nimezijaribu sasa hivi."

Mkunga hakubisha. Aliweka mkoba miguuni, akatulia.

Ndipo neno likamfika mzee kwenye ulimi. Lile lile la miaka ile, zima, pamoja na lile "mama" la mwisho. Ni woga tu, mama. Alilisikia kabla hajalitoa. Akalimeza.

"Nionyeshe vidole vyako vinafika wapi," akasema.

Mkunga akainuka, akashika usukani, akavuta. Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia leva. Vidole vilifika, tena vizuri. Leva ilikuja yote, ikalala juu ya mpira wa usukani, haina tena pa kwenda. Yeye kwa nguvu zake angeikamua hapo na breki ingebana. Mkunga hakuwa na cha kukamua. Waya ulikuwa umelegea, na aliyeulegeza ni yeye.

"Mimi ndiye nimekosea," akasema. "Ningekuacha uende nazo hivi."

"Sina haraka, baba."

Aliipindua baiskeli, akachuchumaa pale alipochuchumaa mkewe. Kwenye ringi ya mbele kulikuwa na alama za chaki, saba, kila moja mahali palipopinda. Nne zilikuwa zimekatwa kwa mstari. Tatu bado. Mzee alizitazama kwa muda, kisha akachukua spana ndogo ya spoki.

Alizungusha robo, akatazama. Robo tena, akatazama. Alama ya tano ilikubali upesi. Ya sita ilimsumbua. Akiivuta huku, inakimbilia kule. Aliirudia mara nne. Binti aliwaletea chai, mkunga akanywa yake, ya mzee ikapoa. Ya saba ilipokwisha akalizungusha gurudumu kwa nguvu, ringi ikapita katikati ya raba bila kugusa upande wowote. Ringi ya nyuma nayo akaipima upya kwa chaki, akakuta mbili, akazinyoosha. Halafu akaukaza waya uliolegea, wa mbele kisha wa nyuma, mpaka kati ya raba na ringi ikabaki nafasi ya kupitisha kipande cha gazeti.

Jua lilikuwa limeshavuka paa. Muda wote ule mkunga alikaa kwenye kigoda kama aliyekuja kutembelea tu. Hakuguna, hakuangalia saa, hakuuliza itakuwaje. Mzee alimwona, na jambo hilo lilimshangaza, maana wateja aliowajua, fundi akikosea mbele yao, huondoka na baiskeli yao na hawaonekani tena.

Mkunga akaisukuma tena barabarani. Vidole viwili. Ikasimama.

Akaipanda, akazunguka mbele ya nyumba, akafunga breki, akafungua, akafunga. Kisha akaelekeza usukani kwenye mteremko.

"Naenda mpaka kona," akasema.

Mzee alimfuata kwa miguu mpaka juu ya mteremko. Alimwona anashuka, kilemba kinapepea, mkoba unampigapiga mgongoni. Alimwona anaikaribia kona. Vidole havikuonekana kutoka kule juu, ila baiskeli ilionekana ikipunguza mwendo, ikipunguza, ikasimama kabla ya kona, na mguu mmoja mfupi ukashuka chini bila papara. Kisha mkunga akaendelea, akakata kona, akatokea upande wa pili, akasimama tena. Alisimama tu kwa sababu ameweza.

Aliporudi juu akiisukuma, alikuwa anahema na anacheka peke yake.

"Jumatatu nawaamkia nikiwa juu ya siti," akasema.

"Asante," mzee akasema.

"Asante ya nini tena, baba? Si mimi ndiye wa kushukuru?"

"Kwa kungoja. Nilikosea mbele ya macho yako na hukuondoka. Wengine wangeondoka."

Mkunga aliegemea usukani. Alionekana anapima kama aseme au asiseme.

"Mama Vidole aliniambia," akasema mwisho.

"Alikuambia lini?"

"Siku niliyoileta. Alikuwa na safari ya kwa dada yake ile Alhamisi, nikamuuliza, je, nikija nikukose? Akacheka. Nakumbuka maneno yake yote, kwa sababu nilidhani anatania."

Mkunga akayasema kama alivyoyasikia, neno kwa neno:

"'Ukinikosa, mwachie mume wangu aimalizie. Mara ya kwanza atakosea, na atakwambia zinashika. Wewe usiondoke, na usibishane naye. Kaa kwenye kigoda, nyamaza. Akishaona mwenyewe alipokosea, panda uende popote unapotaka, maana hapo hakuna fundi kama yeye.'"